Mtu na Msumeno

Jumatatu, 8 Januari

Barua imekuja kutoka shamba la Ardvoulin. Nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama, chai imepoa.

Kila Januari mimi na kaka yangu Struan tunakaa mezani kupanga bei ya siku ya kazi yetu ya kukata miti. Ugomvi kila mwaka! Yeye anashusha — wateja watatukimbia, anasema — mimi napandisha, tunakutana katikati, kisha tunamalizia keki ya sikukuu. Bei moja kwa watu wawili. Mwaka jana pauni mia nne na kumi: sisi, misumeno ya injini, pikapu, mafuta. Miaka ishirini na mbili, hakuna mwenye shamba aliyeuliza nani kafanya nini.

Sasa msimamizi mpya, Bwana Lorimer, anataka kila mtu na mstari wake. Jina. Na msumeno, au bila msumeno. Bei. Na mwenye msumeno atie sahihi kwamba mikono yake ni mizima. Asiyeandikwa kwenye fomu haruhusiwi kupita geti. Kazi ni ya miezi mitatu, misonobari yote iliyolazwa na dhoruba mlimani, juu ya ziwa. Fomu atakuja kuichukua mwenyewe hapa nyumbani, Jumanne ya wiki ijayo, saa sita mchana.

Struan kaisoma, kaikunja, kaibana chini ya kopo la sukari. Kesho, kasema. Hata hakubishana bei. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Jumatano, 10 Januari

Baridi ya kukata masikio. Tulikuwa kwa mjane Petrie, kuangusha mti ulioelemea banda la kondoo wake. Saa nne tukapumzika. Struan akadondosha kikombe. Akabaki anakitazama pale chini, kama anangoja kijiokote.

Nikamvua glavu kwa nguvu. Mkono wa kulia, vidole vinne vyeupe kama mshumaa hadi kiungo cha pili. Wa kushoto, vitatu.

Tangu lini? Ni baridi tu, kasema. Nikamwuliza tena. Tangu mwaka juzi.

Mwaka juzi! Na mimi tangu Novemba namfunga vifungo vya koti nikidhani ni uvivu, nikimwita kitoto cha mama. Mzee wa miaka sitini na mmoja! Nimemfokea mbele ya mjane wa watu mpaka mbwa akajificha. Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka arobaini kaukumbatia ule msumeno unatetema, nao unamla taratibu.

Naona aibu kwa ule utani.

Ijumaa, 12 Januari

Daktari. Kijana wa kike, mpole. Kamchoma kwa sindano kidole kimoja kimoja, Struan kafumba macho. "Niambie ukisikia." Struan kimya. "Nimeshaanza," daktari kasema.

Havitarudi kama zamani. Msumeno basi — si kupunguza, basi kabisa. Akiendelea atashindwa kushika hata kijiko.

"Uji nitalamba kwenye bakuli," Struan kasema, "kama mbwa wetu." Daktari hakujua acheke au asicheke.

Nimemshusha nyumbani, nikasingizia naenda kununua mkate. Nimesimamisha pikapu kando ya kanisa, nimelia mpaka kioo kikapata ukungu. Mkate sikununua.

Jumamosi, 13 Januari

Nimempigia simu Lorimer. Nimemwambia nataka kujua tu, huyu wa bila msumeno anahesabiwa vipi.

"Bi Rankine, nisikufiche. Watu wa kuburuta matawi ninao, vijana wa mjini, bei rahisi. Mimi natafuta watu wa msumeno."

Je, mtu anayejua miti? nikauliza. Anayejua mti uliolala umebeba nguvu upande gani, utaruka wapi ukiukata? Kasema hiyo si ndiyo kazi ya mwenye msumeno? Kwenye fomu hakuna mstari wake.

Hakuna mstari! Mwaka juzi nilikuwa nimeshaweka mnyororo wa msumeno kwenye gogo, Struan akapiga kelele "Toka hapo, we mtoto!" Nikatoka. Lile gogo lilinyanyuka likapita pale kifua changu kilipokuwa. Hiyo ni pauni ngapi kwa siku?

Jumapili, 14 Januari

Tumegombana. Kweli kweli, si kama kila mwaka.

Nimemwambia tuandike wote wawili na msumeno, nitakata mimi, nani atajua?

"Nitie sahihi mikono ni mizima?"

Watu wanatia sahihi mangapi, kaka.

"Na wewe ukate ya watu wawili, mimi nimebeba msumeno uliozimwa kama bwana harusi na ua lake? Hapana, Ishbel."

Basi tuwaachie kazi yao, nikasema. Tutafute kazi ndogo majumbani kwa watu, bustani, nyua.

Hapo akapandisha sauti. Kasema miti ya mlima ule alianza kuikata na baba akiwa na miaka kumi na tisa, na mimi nina miaka hamsini na nne, kazi kama hii haiji tena, nisithubutu kuikataa kwa ajili yake. Halafu kwa sauti ndogo: "Ila usiniache hapa nyumbani asubuhi nzima. Nitafanya nini hapa?"

Nimemenya viazi vingi kupita kiasi.

Jumanne, 16 Januari

Saa tano na robo. Nimeshuka, nimekuta fomu mezani imejazwa. Mwandiko wa Struan, herufi kubwa zilizopinda. Sijui ameshika kalamu muda gani kuandika hivi.

ISHBEL RANKINE. NA MSUMENO. PAUNI 260 KWA SIKU.

Kwa mtu mmoja, ya juu kuliko niliyowahi kuthubutu! Yeye, wa kushusha kila mwaka.

Chini yake: BEI HII NI PAMOJA NA PIKAPU, MISUMENO MIWILI, MAFUTA, NA STRUAN.

Nikacheka. Nikamtazama, yeye hacheki. "Si jina limo?" kasema. "Getini nitapita." Kisha akaenda kuweka birika jikoni.

Saa sita kasoro kumi. Niko chumbani ghorofani, fomu juu ya goti, kalamu mkononi. Nikilifuta jina lake, anabaki nyumbani. Nikiliacha, nimempeleka kaka yangu mlimani katika orodha ya vyombo, kati ya mafuta na nukta. Yeye aliyenifundisha kushika msumeno! Nimejaribu kuandika mstari wake mwenyewe. Jina nimeandika. Mbele ya jina sijui niandike nini, na nafasi ni ndogo.

Gari limeingia uani. Struan kafungua mlango, anamkaribisha chai, anamwambia afute viatu. Sauti ya Lorimer: amekuja kwa Bi Rankine. Kisha anamwuliza, kwa adabu kabisa, na wewe ni nani?

Nasikia birika likiwekwa chini.

"Mimi?" Struan anasema. "Mimi nakuja pamoja na msumeno."

Lorimer anacheka. Anacheka vizuri, cheko la mtu mwema. Struan ananiita nishuke, na mbele ya jina lake bado patupu —