Uyoga Mweusi wa Mto Amnya

Mto Amnya, 12 Novemba 1986

Mwanangu Taisia,

Salamu nyingi. Mimi mzima, Pirati mzima ila amezidi kubweka hovyo, kulungu wetu wote saba wazima. Wewe sijui, huko Surgut kwenye kiwanda chenu cha mikate, kama unakula au unawaokea wenzio tu. Mama yako anakusalimu. Asubuhi nampa chai, jioni supu ya samaki, kisha namlaza. Kisanamu chake, kinachokaliwa na roho yake, nilikichonga vizuri kuliko nilivyotegemea, isipokuwa pua nimeikosea. Angekuwa hai angenisema mpaka leo. Mwaka wa kwanza wa kumlisha umekwisha, imebaki mitatu, ndipo tumwachie aende zake.

Mwaka jana uliandika kwamba tumbo linakusumbua. Nakutumia uyoga mweusi, ule Warusi wanaouita chaga. Nimeukata kwenye mti wa mbetula ulio hai, maana mti ukifa na dawa imekufa. Usiuchemshe. Utie kwenye maji ya moto, uache pembeni ya jiko mpaka kesho yake. Kile kipande kilichofungwa kwa kitambaa chekundu si cha kunywa. Kichome mpaka kiwe kaa, kizime kwenye maji, unawe kama tunavyonawa tukitoka mazikoni. Hukuwahi maziko ya mama yako kwa sababu mto ulikuwa unaganda, boti haipiti wala barafu haikanyagiki. Hakuna anayekulaumu. Nawa tu, moyo utulie.

Baba yako,
Yefim

Surgut, 20 Desemba 1986

Shikamoo baba,

Natumaini hujambo, nami huku sijambo. Mzigo umefika. Baba, asante sana! Uyoga nakunywa kila siku kabla ya kazi. Nauchemsha haraka haraka, maji yanakuwa mekundu mazuri, na tumbo limetulia kabisa. Hata Zoya, tunayekaa naye chumba kimoja, anauomba. Ukipata nafasi, nitumie mwingine.

Kunawa nako nimenawa. Nilikichomea kile kipande kwenye sufuria bafuni, bweni zima likajaa moshi, watu wakapiga kelele za moto. Mlinzi akaja mbio na ndoo ya maji, akauliza nafanya nini. Nikamwambia natoka kumzika mama. Akaniachia ile ndoo, akaondoka.

Jirani yako Prokopi alipita hapa kuuza ngozi zake. Anasema umekonda, na kila ukiinuka unashika tumbo. Ni kweli?

Mwanao,
Taisia

Mto Amnya, 3 Februari 1987

Mwanangu,

Salamu. Hujambo? Prokopi ni jirani mwema lakini mdomo wake haujawahi kufungwa, hata baridi hii imeshindwa kuufunga. Ni kweli tumbo linauma, tangu kiangazi. Mwanzoni nilikuwa nikinywa uyoga maumivu yanalala siku nzima. Sasa yanalala mpaka saa sita mchana, halafu yanaamka na hasira.

Uyoga ulioomba huu hapa. Mibetula ya karibu nimeshaimaliza, hivyo niliteleza na skii kwenye theluji hadi kule juu ulikozoea kuchuma matunda na mama yako. Siku mbili kwenda na kurudi, mama yako nimembeba kifuani. Njiani nilikaa chini mara tatu. Mara ya tatu Pirati alinilamba uso kwa huruma, nadhani alishaniona maiti. Mpe na Zoya.

Habari za hospitali usiniletee. Nani atamlisha mama yako? Nimfungie ndani na njaa, na jiko limezimika? Miaka minne haijatimia, nawe wajua.

Baba yako

Surgut, 24 Februari 1987

Shikamoo baba,

Sikuulizi hali, hali yako nimeshaijua. Nimesoma barua yako nimesimama, sikuweza kukaa. Siku mbili kwenye theluji kwa ajili ya uyoga! Nimemwendea daktari mmoja hapa, nikamweleza. Hakucheka. Alisema uyoga unaweza kutuliza maumivu, lakini kama kuna kitu kinaota ndani, hautakitoa, na kila mwezi unaopita ni hasara.

Basi sikiliza, baba. Nimeomba likizo ya miezi mitatu. Katikati ya Machi nakuja. Mama nitamlisha mimi, jiko nitalichochea mimi. Wewe utapanda helikopta inayonileta mimi, hiyo hiyo, kabla haijapoa. Sikuombi, nakuambia. Kwa mama nilichelewa.

Mwanao,
Taisia

Surgut, hospitali, 1 Aprili 1987

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mama yako. Mimi nipo. Wamechukua kisu changu na mkanda wangu, wamenipa suruali ambayo lazima niishike kwa mkono nikitembea. Tuko sita chumbani. Hakuna anayejua hata neno moja la lugha yetu ya Kihanti, na Kirusi changu ni cha kuuzia samaki tu. Kwa hiyo nazungumza na dirisha. Mkate wanaotupa wanasema unatoka kwenu, kiwandani. Naula wote.

Zoya amekuja kuniona mara mbili. Msichana mzuri. Tumeongea mengi, nusu kwa Kirusi changu, nusu kwa mikono.

Kumbuka mama yako hapendi chai ikipoa. Wananipasua wiki ijayo.

Baba yako

Mto Amnya, 19 Aprili 1987

Shikamoo baba,

Umeamkaje huko? Sisi tupo. Mama anakula kwanza, kisha mimi, kisha Pirati. Siku za kwanza niliona haya kuongea na kisanamu, sasa namsimulia kila kitu, kwa sababu hapa hamna mtu, baba. Wiki nzima inapita sijasikia sauti isiyokuwa yangu. Sikujua. Ulikuwa unaniandikia vichekesho, nikadhani mambo ni mazuri.

Kuna jambo nalazimika kulisema kabla barafu haijalainika na Prokopi akashindwa kupita. Ule uyoga sijaunywa hata kikombe kimoja. Vipande vyote viko ndani ya kasha chini ya kitanda changu bwenini. Jioni nikitoka kazini nilikuwa nafungua kasha, nanusa, nasikia harufu ya nyumbani, nafunga. Zoya hakuomba kitu. Niliomba zaidi nikidhani utafurahi kuona bado nakuhitaji. Kumbe nilikuwa nakutuma ukatambae kwenye theluji unaumwa, kutafuta dawa ya mtu asiyeinywa. Kama si mimi, ungekwenda kutibiwa mapema. Sijui utanisamehe vipi. Mimi mwenyewe sijaweza.

Mwanao,
Taisia

Surgut, hospitali, 10 Mei 1987

Mwanangu Taisia,

Salamu, na pole kwa upweke. Wamenipasua, wakaangalia, wakanishona tena vile vile. Daktari alikuja akakaa kitandani kwangu. Daktari akikaa, ujue amemaliza kazi. Amesema nirudi nyumbani nikale ninachopenda.

Sasa hilo la uyoga. Wewe mtoto, unamdanganya nani? Uyoga mweusi haujawahi kutoa maji mekundu tangu dunia iumbwe. Unatoa maji meusi, na ukiuchemsha haraka haraka hautoi chochote. Nilijua siku ile ile niliyosoma barua yako ya Desemba. Nilicheka peke yangu mpaka nikamsomea mama yako. Na Zoya nilipomuuliza kama dawa imemfaa, aliuliza dawa gani.

Nilikwenda kule juu huku najua. Zamani ulikuwa unaniandikia mara moja kwa mwaka. Nimetuma uyoga, barua imekuja upesi, ndefu, ina mpaka mlinzi na ndoo. Ungeomba mbetula mzima ningeung'oa na mizizi yake.

Na hospitali sikuikimbia kwa sababu yako. Niliogopa. Niliogopa kufia mahali ambapo hakuna anayeelewa nisemacho, nikamsingizia mama yako, maskini, asiyeweza kujitetea. Usijibebeshe mzigo ambao si wako.

Helikopta ya kwanza ya Juni nitakuwa ndani. Kuna neno moja zito. Mwanamke hulishwa miaka minne, mwanaume mitano. Mama yako amebakiza miwili na ushee. Mimi yangu itaanza karibuni. Sikulazimishi kukaa mezani na watu wawili wasiojibu. Ukiona huwezi, kisanamu changu mpe Prokopi, nitamzoea. Ila pua usiikosee.

Weka uyoga jikoni. Nataka nikuone unakunywa.

Baba yako,
Yefim

Mto Amnya, 29 Mei 1987

Shikamoo baba,

Rubani aliyeleta barua yako ananisubiri, anavuta sigara, amesema sigara moja tu. Kwa hiyo ni haya machache. Njoo. Prokopi hapewi kitu. Nimewaandikia kiwandani mstari mmoja kwamba sirudi, barua hiyo nayo anaondoka nayo yeye.

Juzi, kabla barua yako haijafika, nilipanda mwenyewe hadi kule juu na mama kifuani, nikakata kwenye mti ulio hai, jana nikarudi. Chungu kiko pembeni ya jiko, sijakiharakisha. Nimeshaonja. Maji ni meusi, baba. Mezani nimeweka vikombe vitatu.

Mwanao,
Taisia