Mtungi Umetoa Nini?

Titye, Alhamisi, 12 Juni

Mjomba Meshaki,

Mwakeye. Naanza na salamu ya nyumbani kwa sababu ndiyo uliyoanza nayo kila asubuhi, kabla hujagusa boneti. Ulilisalimu hata lori. Nilikucheka, ukaniambia kuwa lori nalo limeamka na mgongo unauma.

Nimekaa kwenye benchi lako nje ya jiko. Mama Tabitha, mkeo, anachambua maharage. Hanisemeshi sana leo, ila ameniletea chai.

Unakumbuka tulivyobadilishana viti? Macho yako yalipoanza kuiona barabara kama kupitia chandarua, ulinipa usukani bila maneno mengi, ukahamia kiti cha kushoto. Mtu aliyenifundisha gea akawa utingo wangu. Stendi ya Kibondo walitutania kwamba siku hizi mpwa ndiye anayemlea mjomba, nawe ukawajibu kuwa unafaidi kusafiri bila kupigwa tochi na trafiki. Siku niliyopata leseni ulininunulia shati la bluu kwenye mtumba, Kasulu. Ulinifunga kifungo cha juu mwenyewe, kama naenda kuposa. "Dereva anaonekana kola kwanza," ulisema.

Kazi moja tu iligawanywa upya. Goti lako lilikuwa limekataa kukunjika, hukuweza tena kuingia chini ya gari. Kwa hiyo mtungi wa upepo, ule unaotunza upepo wa breki, ukawa wangu. Ulinieleza kwamba upepo huja na maji, na maji yakikaa mle breki zinaharibika; kila asubuhi niingie chini, nifungue koki, yatoke, nifunge. Kila asubuhi uliuliza ukiwa upande wa pili wa gari:

"Mtungi umetoa nini?"

Nami nilijibu, "Maji tu, mjomba."

Wiki za kwanza ilikuwa kweli. Kisha mvua zikashika, na udongo wetu unaujua, ukilala chini unainuka mgongo mzima mwekundu. Nami nilikuwa na shati. Nikaanza kuchuchumaa kando ya tairi, nikisubiri kidogo, kisha nainuka na kusema maji tu. Ulisema kwamba dereva wa siku hizi anaogopa udongo kuliko polisi. Ulikuwa unatania. Hukujua umenipata.

Ndipo oili ikaanza kupungua. Ulikuwa ukichomoa kijiti cha kupimia, unakifuta, unakirudisha, kisha unakisogeza karibu na pua ili ukione. Imeshuka. Tunaongeza, tunakwenda Kasulu na kurudi safari chache, imeshuka tena. Uliitafuta oili ile kama mtu aliyepotelewa na mbuzi wake. Ulichana boksi la sabuni, ukalitandaza chini ya injini. Asubuhi lilikuwa kavu. Uliniambia nikanyage mafuta, ukasimama nyuma ya bomba la moshi, na kwa kuwa hukuyaamini macho yako, ukamwomba mama muuza chai wa pale stendi akutajie rangi. Akasema ni moshi mweusi kidogo, wa kawaida, hauoni wa bluu. Ulichovya kidole kwenye maji ya rejeta, ukanusa, ukaonja kabisa. Yalikuwa maji safi.

Kisha ukasimama mbele ya gari ukahesabu kwa vidole, ukikikunja kila kimoja. Haivuji nje. Haiungui ndani. Haiingii kwenye maji. Kidole cha nne ulikiacha kimenyooka.

"Imebaki kompresa," ulisema. "Kompresa ya upepo ikichoka, inasukuma oili kwenye mtungi. Yona, mtungi umetoa nini?"

Ulikuwa umesimama hatua mbili tu kutoka kwangu. Ningeweza kusema sijaangalia siku nyingi. Ungenigombeza, ningeingia chini, mambo yangeisha pale pale. Nikasema, "Maji tu."

Ukakunja kidole cha nne. Uliniamini, mjomba.

Baada ya hapo hapakubaki pa kutafuta. Tajiri, mwenye lori, aliuliza oili inakwenda wapi, na kwa majibu yetu haikuwa inakwenda popote. Basi ilikuwa inachukuliwa. Tukifika mahali, wewe ndiye uliyebaki na gari, na dumu la oili lilikaa chini ya kiti chako. Aliniita pembeni. Sikusema umeiba. Nilisema, "Anayebaki na gari ni mjomba." Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi nikiendesha peke yangu. Haina neno hata moja la uongo.

Natamani kuandika kwamba niliamini ni wewe. Siku nyingine niliamini kweli. Ilikuwa rahisi kuliko kuingia chini ya gari.

Ulishuka na blanketi lako na redio yako. Hukuuliza nani kasema nini. Uliniambia tu nisisahau mtungi.

Huku Titye habari ilikutangulia. Sokoni wakakuita Mzee Lita. Mama Tabitha ameniambia juzi kwamba yule mwenye mashine ya kusaga alikuwa akikuona anakusalimia, "Shikamoo Mzee Lita, hukutubakizia hata ya kupaka baiskeli?" Nawe ulimwitikia marahaba, ukapita na debe lako. Kanisani walichukua ufunguo wa stoo kutoka kwako, kwa upole, wakisema sasa upumzike.

Ulipougua kifua nilikuja mara mbili. Mara zote mbili uliniuliza habari za lori, na mimi nikaharakisha kuondoka. Makaburini msemaji wa familia aliuliza, kama desturi yetu ilivyo, kama kuna mtu mwenye neno kuhusu marehemu. Nilitazama viatu vyangu. Sikuwa najua bado oili ilikokwenda. Lakini nilijua kwamba sikuwahi kuangalia, na hilo peke yake lingetosha kusemwa.

Mwezi uliopita breki zikaanza kushikilia. Fundi mmoja wa Kasulu aliingia chini, akafungua koki ya mtungi. Maji hayakutoka. Ilitoka oili, nyeusi, polepole kama uji, ikajaza karai, akaomba karai la pili. Alipofungua kompresa akanionyesha ringi zilivyokwisha. Lakini kabla ya hapo, akiwa bado amelala chini, aliuliza bila ubaya wowote, "Huu mtungi huwa anaufungua nani?" Niliinama nikavuta karai lililojaa. Akadhani sikumsikia, akauliza tena.

Nilikuja hapa moja kwa moja. Nilimweleza Mama Tabitha yote, na shati, na boksi, na vidole vyako. Nilidhani atalia au atanifukuza. Aliendelea kupepeta maharage mpaka nikamaliza.

"Mimi nilijua hakuiba," alisema. "Hapa jikoni hujaleta kitu kipya. Siku ya kuganduka watu watakuwepo. Waambie wao."

Kuganduka, siku ya kumaliza msiba wako, ni Jumamosi hii. Msemaji atauliza tena lile swali. Mbele za watu maneno hunikimbia, ndiyo maana nakuandikia barua hii, ili niisome yote bila kuruka, hata pale nilipoitwa pembeni na tajiri. Tajiri nimemwomba aje. Mwenye mashine pia. Katekista alijitolea kunisomea, akisema sauti yake inafika mbali. Nimemshukuru, nimekataa.

Naogopa, mjomba. Wanangu watakaa mstari wa mbele, na wao wananijua kama mtu asiyesema uongo. Lakini wewe ulipita sokoni kila wiki na jina ambalo si lako, ukaitikia marahaba.

Shati bado ninalo. Nitalivaa. Lina madoa mgongoni sasa, ya kuingia chini ya gari, hayatoki kwa sabuni, na kifungo cha juu nitakifunga kama ulivyonifundisha.

Uliniuliza mara nyingi, na kila mara nilikupa jibu lile lile. Jibu la kweli lilikuwa oili, mjomba. Mtungi ulitoa oili. Kinyooshe kidole chako cha nne.

Na ukinikumbuka, nikumbuke hata hivi nilivyo.

Mpwa wako,
Yona