Mapazia Mafupi

Jumatatu, 7 Julai
Nimemaliza mapazia ya mteja wa Utemini. Kijivu tena. Mwezi mzima nashona kijivu, wateja wote wameiona rangi hiyo kwenye simu. Upepo umepiga kutwa, vumbi limejaa kwenye kila upindo. Mteja akaniuliza kwangu nimeweka rangi gani. Nikamjibu mganga hajigangi, tukacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Mapazia ya sebuleni kwangu hapa Mandewa sikuyachagua mimi. Aliyaleta wifi Mwajuma, dada mkubwa wa mume wangu, siku ya akika ya mtoto wetu wa mwisho. Nilikuwa nimeshona yangu, ya kijani yenye maua, nikayatundika kwa furaha. Wifi akaingia, akatazama, akasema wageni wasije wakadhani wamefika shamba. Akayashusha mwenyewe, akatundika yake ya rangi ya maziwa. Rajabu, mume wangu, ndiye aliyemshikia stuli. Zuhura, binti yetu, alikuwa darasa la tatu, amesimama mlangoni anaangalia.

Ni kweli natoka shamba, Mkalama. Sijawahi kuficha. Lakini tangu siku ile sijapigilia hata msumari mmoja katika nyumba hii.

Alhamisi, 10 Julai
Wazee wa Hamisi wanakuja Jumamosi ya tarehe 19 kuleta posa ya Zuhura. Kijana ameshapanga nyumba huko Mitundu. Leo yeye na Zuhura wamepigiana simu, mimi naosha vyombo nasikia. Hamisi anauliza apake ukuta rangi gani. Zuhura anajibu, yoyote unayoona inafaa. Kijana hakukubali, anataka Zuhura mwenyewe ndiye aseme. Zuhura akamwambia subiri nimuulize shangazi.

Roho imeniuma. Msichana ana akili, ana kazi, anasimama mbele ya darasa la watoto sitini bila kutetemeka. Ukuta unamshinda. Hili hakulipata kwa shangazi yake, amelipata kwangu. Aliniona siku ile, na amekuwa akiniona miaka yote hii nikizunguka humu ndani kama mpangaji. Sasa anakwenda kuishi hivyo hivyo kwa mumewe.

Jumamosi, 12 Julai
Nimenunua kitambaa. Kijani kibichi, kizito, hakina maua. Nilisimama dukani mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Mimi huyo huyo ninayewachagulia wateja kabla hawajamaliza salamu.

Nimekificha kwenye fremu ninayoshonea, chini ya meza ya cherehani. Zuhura atayaona mapazia yakiwa juu, yametundikwa na mama yake. Hiyo tu ndiyo shida yangu. Wageni wa Mitundu watajijua.

Jumatatu, 14 Julai
Nimepima dirisha. Rajabu alikuwa kwenye kochi anaangalia taarifa ya habari. Sikutaka kupanda stuli mbele yake, angeuliza. Nikapima haraka haraka nikijifanya nafuta vumbi. Naiba vipimo nyumbani kwangu. Aibu gani hii.

Jumatano, 16 Julai
Nimekata, nimeshona, nimepiga pasi. Wifi amepiga simu kusema atakuja Jumamosi asubuhi na mapema "kuiweka sebule sawa." Nikamwambia karibu. Kwa nini nilisema karibu?

Ijumaa, 18 Julai
Mafupi.

Nimetundika mchana nikiwa peke yangu, nikashuka, nikatazama. Yameishia juu ya sakafu shubiri nzima. Kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla. Nilipima kuanzia juu ya dirisha badala ya kuanzia kwenye bomba la pazia, kwa sababu sikupanda stuli. Mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza hafanyi kosa hilo. Wanawake wote wa mji huu nawapimia mpaka kona ya mwisho, nije kukosea kwangu.

Nikakimbia dukani. Jora limekwisha, mzigo mwingine haujulikani unaingia lini. Kuna kijani nyingine ya kuungia chini, lakini ni ya aina nyingine kabisa, ingeonekana kiraka.

Nimerudi nikakaa sakafuni, nikalia. Siyo kidogo. Nimelia kwa hasira, maana nilijua nimemtengenezea wifi maneno ya kusema mpaka nizikwe. Nikachukua yale ya maziwa niyarudishe. Yamefifia siku hizi, yamekuwa rangi ya chai iliyopoa. Zuhura akaingia. Akayaona ya kijani, akaniona na mimi. Akasema kwa sauti ya chini, mama, tumpigie shangazi aje leo?

Ile "tumpigie" ndiyo iliyoniinua. Nimeyakunja ya maziwa, nimeyaweka sandukuni. Ya kijani yamebaki. Liwalo na liwe. Naogopa sana.

Jumamosi, 19 Julai
Wifi alifika na mfuko. Nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yako dirishani. Kwenye mfuko mlikuwa na mapazia mapya, yamepigwa pasi. Kumbe alikuja amejiandaa kabla hata hajajua nimefanya nini. Hajawahi kunifikiria vinginevyo.

Hakuuliza. Alisema tu, Rajabu, stuli. Na Rajabu akainuka. Mtu mzima mwenye mvi, anakwenda kuozesha binti, ameinuka kufuata stuli kama miaka ile. Ilikuwa jikoni. Nikawahi, nikaikalia, nikavuta sinia la vitunguu saumu nikaanza kumenya. Akasimama mlangoni. Nikamwambia haya yanabaki, mwambie dada yako. Akasema mwambie wewe. Basi nikamwambia kwa sauti kutoka pale pale nilipokaa, wifi, ahsante, yako yaweke tu. Nikaendelea kumenya. Zuhura alikuwa anapepeta mchele uani, mkono ukasimama.

Wageni wakaja. Wazee wanne na mama mmoja. Wakala, wakaongea, posa ikapokelewa, dua ikasomwa. Hakuna aliyetazama mapazia. Mzee mmoja alisogeza moja kidogo aone kama pikipiki yake bado ipo. Basi. Ujana wangu wote nimeogopa macho ya wageni, na wageni wenyewe wanaangalia pikipiki.

Wakati wa kuondoka wifi akaniambia yamepanda. Nikamwambia kweli, yamepanda, nilikosea kupima. Akachukua mfuko wake. Alikuwa amezoea nibishe kwa kununa.

Jumapili, 20 Julai
Rajabu wakati wa chai: kumbe yale ya mwanzo yenye maua ulikuwa unayapenda? Ungeniambia.

Ungeniambia. Nimemtazama mpaka akainamia kikombe. Nina hasira naye kuliko dada yake. Dada alishusha mapazia, yeye alishika stuli, na kumbe miaka yote hakujua kuna kitu kilichoshushwa. Nina hasira na mimi pia. Kosa nililoliogopa hivyo nimelifanya, tena kubwa, limening'inia pale kila mtu analiona, na leo nimeamka nikapika uji kama kawaida. Hakuna atakayenirudishia ile miaka. Siwezi kujidanganya kwamba nimefurahi.

Alhamisi, 31 Julai
Upepo umetulia. Zuhura amekuja kwenye fremu akitoka shule, anataka kitambaa cha nyumba ya Mitundu. Nikamwambia achague, nikaendelea kushona. Akazunguka. Akagusa kijivu, akaacha. Akagusa rangi ya maziwa, akaacha. Mwisho akavuta zambarau yenye maua makubwa ya rangi ya chungwa, ile ambayo haijawahi kuuliziwa na mtu tangu niilete. Akasema hii, mama.

Mbaya. Mbaya kweli kweli, na Hamisi ameshapaka ukuta rangi ya waridi aliyoitaka Zuhura mwenyewe. Mdomo wangu ulishafunguka. Nilikuwa na maneno yote tayari, ya upole, ya kitaalamu, na sauti niliyoisikia kichwani ilikuwa ya wifi Mwajuma.

Nikayameza. Nikamuuliza madirisha mangapi.