Maharage Ukutani kwa Bibi Yako

Itaka, Mbozi,
Songwe.
11 Agosti 2024

Mpendwa mjukuu wangu Lusubilo, mume mwenzangu,

Pokea salamu nyingi, wewe na mkeo Conjesta na huyo mtoto ambaye mpaka leo sijamshika. Mnaendeleaje huko Bukoba? Kifua chako kile kilichokuwa kinakubana kimepona, au bado unaficha? Usinifiche mimi. Conjesta naye ale ashibe, anyonyeshe vizuri.

Huku sisi wazima. Baridi ya mwaka huu imekuja na meno, asubuhi ng'ombe wanatoa moshi puani kama malori ya Tunduma. Wazee wa rika langu wote wamejikunja ndani. Mimi kahawa ya upande wa mtoni nimeichuma mwenyewe, na kikapu changu kilikuwa kinajaa kabla ya vikapu vya vijana. Waulize.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Shule niliishia darasa la pili, na si kwamba nilishindwa, mwalimu alihama. Herufi zangu zinakwenda kama mbuzi waliofunguliwa kamba, lakini zinafika. Clever, yule kijana wa bodaboda, alitaka aniandikie kwenye simu yake nikamkatalia. Mambo ya mke wangu siyatii kwenye simu ya mtu. Barua nitampa Zahoro wa Tunduma, lori lake linapeleka mzigo huko kwenu.

Siku ile uliniuliza swali, vocha ikaisha kabla sijajibu. Ulisema wateja wanakuja na picha kwenye simu, wanataka pazia kama la fulani, na wewe ukitaka kutarizi kitu cha kwako unakaa mbele ya cherehani kichwa kitupu kama debe. Ukaniuliza bibi yako alikuwa anayatoa wapi yale maua ya jikoni. Mwaka jana ningekwambia sijui, hayo ni mambo ya wanawake. Mwaka huu najua, tena najua kuliko mwanamume yeyote hapa Itaka. Lakini lazima nianze na mkono wa bibi yako, ndipo utanielewa.

Unajua aliteleza mwezi wa tatu kwenye tope, ndoo ya maji kichwani. Mkono wa kulia ukavunjika hapo kwenye kifundo. Hospitali walimfunga vizuri, mfupa umeunga, ila vidole havikunjiki. Kijiko kinamponyoka. Nilidhani atalia kwa sababu ya jembe. Kumbe kilio chake kilikuwa jiko.

Nyumba kubwa ni ya matofali, lakini lile jiko la udongo amekataa nilivunje miaka yote. Kila mwaka tukishavuna mahindi analikandika upya, halafu anachora kwa udongo mweupe, mwekundu na masizi. Watu wakitoka kanisani wanapitia kwetu kuona Ikupa mwaka huu kaweka nini. Sasa mwezi wa tano alikaa mbele ya ule ukuta umebanduka banduka, akaniambia, “Baba Ayoub, jiko lisilo na maua si langu. Hilo ni la mtu yeyote.”

Kesho yake akaenda Mbebe kwa mdogo wake Fausta. Kusalimia, alisema. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukazaa mwingine. Siku moja Fausta akanipigia, “Shemeji, dada hasemi lini anarudi. Nikimuuliza anasema arudi kufanya nini.”

Nyumba hii, mume mwenzangu, bila mke wetu ni banda.

Lakini wewe unanijua. Mimi siendi Mbebe kubembeleza. Nikajiambia, kama ugonjwa ni jiko basi na dawa ni jiko. Nitalichora mwenyewe.

Kukandika hakukunishinda. Ukuta ulitoka laini kama shavu la huyo mtoto wako. Kuchora ndiko kulikonikomesha kidogo. Nilitaka yale yale maua ya bibi yako, ambayo nimeyatazama maisha yote nikinywa uji. Nikatafuna ncha ya bua likawa brashi, nikaanza. Lo! Kichwani nayaona yote, mkono unatoa kitu kingine. Jirani yetu Barnaba akaja, mikono nyuma, akasimama.

“Mzee Nzunda, hili ni ua au ni kuku aliyekanyagwa na lori?”

“Ni ua.”

“Basi limekufa kifo kibaya. Na wewe nani kakuoa, mpaka unapaka jiko?”

“Kanioa Ikupa. Wewe aliyekuoa anakuachia utembee na shati lisilo na kifungo.”

Akacheka mpaka akaegemea ukuta, na alipoondoka aliondoka na ua langu lote kwenye kiganja.

Hapo nikajua rangi haishiki. Udongo na maji peke yake havitoshi. Nikakumbuka kwamba bibi yako akichora huwa anachemsha mlenda kwenye chungu cheusi, na mimi kila mwaka nauliza kama ni mboga. Nikampigia Mbebe. Sikumwambia kwamba nachora, nina akili.

“Mama Ayoub, ule mlenda wa mwezi wa saba tulikuwa tunaula?”

Nikasikia anacheka, Lusubilo, kicheko ambacho hakijaingia masikioni mwangu tangu aanguke.

“Hatukuwa tunaula. Wewe unataka kupika nini?”

“Nauliza tu.”

“Uchuje kabla hujakoroga,” akasema, akakata simu.

Nikauchuja. Rangi ikashika kama imezaliwa hapo. Sasa ikabaki nichore nini, na hapo ndipo ulipo wewe na cherehani yako.

Nikaanza kutembea natazama, mimi niliyezoea kutembea napita. Nilitazama jani la kahawa kwa nyuma, mishipa yake imesimama kama ya mkono wa mzee. Nilipasua kabichi katikati nikaikuta ina barabara nyingi kuliko Tunduma. Kuna ule mti wa kule makaburini ambao baridi hii unavua majani yote halafu unatoa maua mekundu matupu, nilisimama chini yake mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimepotea. Vizuri vyote hivyo. Ila kila nilichokibeba kilikufa njiani kabla ya kufika ukutani. Nilikuwa namtafutia bibi yako maua ya bibi yako, kwa macho ambayo si yake.

Kilichonifungua ni jino.

Unajua mimi sijawahi kuchambua maharage. Toka nioe nakuta yamechambuliwa, yameiva, yako kwenye sahani. Bibi yako hayupo, nikayachota gunia, nikayaosha, nikayapika hivyo hivyo kwa ujeuri wangu. Tonge la kwanza, kwaa! Jiwe. Jino la nyuma likapasuka. Nilitaja majina ya mawe yote. Kesho yake nikakaa juani na ungo, taya limevimba, nikaanza kuchambua moja moja kama mtu anayehesabiwa dhambi.

Nakwambia, nimelima maharage maisha yangu yote na nilikuwa sijawahi kuyaona. Gunia lilikuwa la mchanganyiko, yale ya mbegu anazozitunza bibi yako. Kulikuwa na kablanketi, ina mistari ya zambarau na kijivu imejizungusha kama mtu aliyejifunga blanketi. Kulikuwa na lile la njano lenye duara jeusi kwenye kitovu. Lingine jeupe lenye jicho kama la ndama. Lingine jekundu lenye madoa kama matone ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Hakuna lililofanana na mwenzake, hata ya ganda moja. Nikasahau jino. Nikasahau na kupika.

Nimekuwekea machache kwenye bahasha uyaone mwenyewe. Mwambie Conjesta asiyapike.

Kwa hiyo jibu lako ni hili, na ni jibu langu, hutalipata kwa mwingine. Usikae kutafuta kitu kizuri. Tazama kile unachokishika kila siku bila kukitazama. Huko kwenu zipo ndizi, lipo ziwa, upo uzi wenyewe uliokatika chini ya cherehani. Kikikung'ata, ndicho hicho.

Nikachora. Haragwe moja kubwa kama boga kila upande wa mlango. Kablanketi nikaifanya mkanda, ikazunguka jiko lote kiunoni. Dirishani nikaweka yale ya jicho la ndama, ukipita yanakutazama. Watoto wakitoka shule wanasimama. Barnaba naye akaja, safari hii hakucheka.

“Hii kablanketi,” akasema.

“Umeijua?”

“Nitaachaje kuijua, naipanda mimi.” Akatazama weee. “Mzee, wewe una kichaa kizuri.”

Kesho yake akamleta mkewe. Clever alitaka kupiga picha ampelekee bibi yako Mbebe, nikasimama mbele ya simu yake. Picha haina harufu ya udongo mbichi.

Kabla sijasahau, ule mparachichi ulioupanda wewe umezaa mpaka nimeutegemeza kwa mti. Baba yako Ayoub bado yuko Saza anatafuta dhahabu, mpaka sasa amepata kikohozi na mbwa mmoja. Mwandikie.

Basi, jiko likakauka. Nikampigia bibi yako nikamwambia, “Njoo uchukue chungu chako, kinanizibia njia.” Sikusema zaidi ya hapo. Alhamisi iliyopita nikasikia pikipiki, Clever kamleta kutoka Mlowo aliposhukia basi. Akashuka na mkoba mkubwa, mtupu. Mkoba mtupu, Lusubilo. Nikaelewa kwamba amekuja kubeba.

Hata kunisalimia hajanisalimia vizuri, akamwambia Clever, “Usizime, mwanangu. Nachukua chungu na vitenge vyangu tunageuza.”

Kisha akageuka, akaliona.

Akaenda mpaka mlangoni, akapita dirishani, akazunguka nyuma ambako simwoni. Nasikia pikipiki tu inanguruma. Mimi nimewahi kushika fahali la yule mfugaji Bugalama kwa pembe, lile lililotoroka kule Momba, na sikutetemeka. Siku ile nikashika ufagio, nikafagia uwanja uliokwishafagiwa.

Akatokea upande wa pili. Akagusa ukuta kwa mkono wa kushoto.

“Nani kachora?”

“Mimi.”

“Mwongo.”

“Muulize Barnaba.”

Akainama kwenye lile jekundu lenye madoa. “Mbona umeyapanga kama askari wa gwaride? Haragwe halijipangi hivi. Masizi yamebaki?”

Nikamletea bakuli. Mkono wa kulia ukanyanyuka wenyewe kwa mazoea, akautazama, akaushusha. Akachovya kidole cha kushoto. Tone la kwanza likakaa kombo, la pili likakimbilia pembeni, lingine likawa kubwa lingine dogo. Nikataka kumwambia aache, nitarekebisha. Halafu wote wawili tukaona. Lile haragwe la gwaride lilikuwa limekuwa haragwe la kweli, mtu angeweza kulichuma.

Akachovya tena. Akahamia la pili.

Clever akapiga honi. “Bibi, tutachelewa!”

“Nenda tu, mwanangu,” akasema bila kugeuka. “Mimi nina kazi.”

Ule mkoba Barnaba ndiye aliyeuokota uwanjani akautundika. Bibi yako alichora mpaka jua likaingia, akaniambia huku ananawa, “Mwakani nachora mimi, kwa huu huu wa kushoto. Wewe utakoroga.”

Nikamwambia, mama, mimi ni fundi, jiko zima hili nimechora mimi.

“Fundi wa kukoroga,” akasema, akaingia kuwasha moto.

Sasa mimi nimekubali, lakini ujue nimekubali kwa sababu gani. Udongo unaochujwa na kukorogwa na mkono wangu hauna mfano Mbozi nzima, na yeye mwenyewe analijua hilo.

Bibi yako anakusalimu, anasema kofia uliyomtumia inamkaa. Fausta wa Mbebe anakusalimu, na Barnaba, na mkewe aliyeshona kifungo hatimaye. Nisalimie Conjesta na wazazi wake wote huko, wajue mkwe wao hana ukoo wa mchezo.

Mungu awatunze, aipe mikono yenu kazi wanayoipenda, na huyo mtoto akue mpaka anishinde mbio, jambo ambalo halitakuwa jepesi.

Ni mimi nikupendaye siku zote, babu yako na mume mwenzako,

Nzunda wa Itaka