Soto Yako Mbele ya Mkwe

Baba,

Shikamoo huko uliko. Kaa vizuri, nina habari ya kukuchekesha. Neema, kitindamimba wako, amepata mume, na Jumamosi tumempikia mkwe chakula chake cha kwanza hapa nyumbani. Na mbele yake iliwekwa soto yako, ile supu ya nyama! Ile ile uliyofundishwa na Mjava uliyepika naye jikoni kwa askari kule kisiwani Seloni, wakati wa vita. Nakumbuka ulivyotusimulia kwamba kwao Java kila mji una supu yake ya ng'ombe, nyingine ya mkia, nyingine nyeusi kama masizi, nasi tukakuona mwongo.

Nilikuwa na hofu, Baba. Tangu tukuzike sikuwahi kuipika. Mwiko ulikuwa wako, sisi tulikatakata vitunguu tu, huku majirani wakichungulia mwanamume anayepika. Nikajiambia, ikinishinda mbele ya wakwe, basi imekufa nawe. Hapa Tunduma nani mwingine ataipika?

Shangazi hakunitia moyo. Unamjua dada yako. Alitaka kuku mzima, kama desturi. Bado anakumbuka ulivyompikia soto mara ya kwanza, akanusa mchaichai akadhani ni dawa ya homa, akauliza anywe kabla ya kula au baada. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Safari hii akanifokea, "Mkwe si mgonjwa!" Tukapatana kuku awepo na soto iwepo.

Nikachemsha nyama yenye mfupa kwa moto mdogo, nikaengua povu mpaka mchuzi ukang'aa. Tangawizi, manjano na vitunguu saumu nikavitwanga, nikavikaanga pembeni, ndipo nikavitia sufuriani pamoja na mabua ya mchaichai niliyoyaponda. Harufu ilipopanda Mama akaingia jikoni, akasimama tu. Kisha akasema, "Amerudi." Tukalia kidogo. Halafu tukacheka, maana vitunguu nilivyoviacha kikaangoni vilikuwa vinaungua.

Sasa sikia. Ulikuwa unasema kila mara, "Mchaichai unaingia sufuriani, bakulini hauingii." Nilitoka nje kukaanga vitunguu vingine vya kunyunyiza juu. Niliporudi, Shangazi alikuwa ameshapakua na kupeleka. Na mabua yote! Kwake yeye, chungu cha mkwe hakipunguzwi kitu, na kikishawekwa mbele yake hakirudi jikoni.

Tukachungulia kwenye ufa wa mlango. Mkwe wetu Yohana ni kijana wa Kamsamba, mpole, mwenye aibu, na amefundishwa kwao kwamba siku hiyo bakuli la ukweni halibakizwi. Akamaliza nyama. Akamaliza mchuzi, na wali wa mchele waliotuletea wenyewe. Kisha akashika bua. Akalitazama, akatafuna. Baba, alitafuna kama ng'ombe, jasho linamtiririka! Mshenga wake akamwangalia, naye akashika la kwake. Mama alijiziba mdomo kwa khanga. Mimi nilitaka kucheka na nilitaka kufa, maana niliona wakirudi kwao kusema tumewalisha nyasi.

Mabua yalipoisha, mshenga akajifuta mdomo. Akasema, "Kuku tumekula nyumba nyingi. Hiki hatujakila popote." Akaomba waongezwe, na yale mabua yasisahaulike. Ungemwona Shangazi! Aliinua kichwa kama vile soto kaitoa yeye Seloni.

Neema ameshakwenda Kamsamba na shina la mchaichai ulioupanda nyuma ya jiko. Jirani yetu, yule aliyekuwa akikuchungulia zaidi ya wote, amenijia jana. Mkwe wake anakuja baada ya mavuno, anataka nikampikie "ile ya kutafuna." Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Basi pumzika, Baba yangu. Nimefurahi mno, na bado nakukumbuka. Nakuahidi kila binti wa ukoo huu akiolewa nitaipika, na mwanangu Daudi nitamkabidhi mwiko wako, wachungulie wanaotaka. Wakwe nitawapakulia na mabua yao, kwa kuwa hiyo sasa ni desturi na mimi siiwezi. Ila kila mara nitapakua bakuli moja zaidi, nitoe mchaichai wote kwanza, nikamue ndimu, niliweke pale ulipokuwa unakaa.

Mwanao,
Raheli