Makosa Sitini na Manne ya Walubengo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kitale. Ile kampuni ya Nairobi inataka mtu ambaye ameshachangia programu huria – zile ambazo code yake iko wazi kwa intaneti, yeyote anaweza kuisoma na kutuma marekebisho. Mimi sijachangia chochote. Lorna, tuliyesoma naye college, amenipa njia ya mkato: tafuta comment zenye spelling mbaya, rekebisha, tuma. Comment ni yale maelezo mtu anamwandikia binadamu mwenzake ndani ya code. Mashine inayaruka. Huwezi kuharibu kitu, ati.

Nimepata programu ya kupima mahindi. Ya mtu anaitwa Walubengo, karani wa kikundi cha wakulima huko Kabuchai. Kizungu chake – falmers, rist, moistule, r na l zimebadilishana. Kila mahali. Nimerekebisha kumi na moja. Ningeweza kuzituma zote pamoja. Nimetuma moja moja, zihesabiwe kumi na moja.

Jumatano, 5 Machi

Amekubali zote. Chini ya kila moja ameandika, asante madam. Mara kumi na moja.

Nimetuma zingine ishirini. Halafu nikapiga picha kipande cha comment yake, nikaitupa kwa group yetu ya college. Falmers. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, nikiwa peke yangu kwa duka la mama.

Jumamosi, 8 Machi

Lorna ameipeleka Facebook. Sikumwambia apeleke. Sikumwambia asipeleke. Watu mia tatu na kitu wameandika chini yake. Jina la Walubengo linaonekana hapo juu – sikulifunika. Mmoja anauliza huyu alisomea shule gani, ifungwe.

Leo nimetuma kumi na nane. Amekubali. Asante madam.

Jumanne, 11 Machi

Mama alikuwa anapigia muuzaji wa jumla, simu iko juu ya kaunta, sauti wazi, kwa sababu mikono yake ilikuwa na vumbi la mbegu.

"Niretee kiro hamsini," akasema.

Upande ule vijana wakarudia: kiro, kiro. Wakacheka. Mama akangoja wamalize. Akasema tena, polepole, akajaribu, ikatoka vilevile. Kisha akakata simu, akachukua fagio.

Nilitaka kupigia hiyo namba niwatukane. Badala yake niliingia stoo nikakaa juu ya gunia.

Nimemwomba Lorna aitoe ile picha. Amesema nimekuwa serious sana siku hizi, na hata akitoa, watu washaichukua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetuma kumi na tano za mwisho. Zimefika sitini na nne.

Walubengo ameongeza sehemu mpya ya programu. Ndefu. Hakuna comment hata moja. Kabla alikuwa anaeleza kila kitu – kwa nini gunia hili linapimwa mara mbili, nani aliomba iwe hivyo, mzee yupi hana simu na lazima apewe risiti ya karatasi. Sasa ni code tupu, kama nyumba iliyohamwa.

Nikamwandikia, mbona? Akajibu saa hiyohiyo: "Nimeacha kuandika madam, nisiaibishe kikundi. Wewe ukipata nafasi utajaza."

Kwa hivyo ameiona. Na hajui ni mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi kampuni imeandika. Wamependa michango yangu sitini na minne. Interview tarehe mbili Aprili. Mama alinishika kichwa akaniombea hapo hapo dukani, mteja amesimama na shilingi zake.

Mchana Walubengo akapiga simu. Mara ya kwanza kumsikia. Sauti ya chini, ya adabu. Makamu wa mwenyekiti, anaitwa Wekoye, ako na ile picha. Anasema kikundi kimekuwa kichekesho, programu itupwe na karani abadilishwe. Mkutano ni Jumamosi tarehe ishirini na tisa.

"Madam, wewe ndio umesoma hiyo kazi yote, mstari kwa mstari," akasema. "Ukiwaambia inafanya, watasikia. Mimi hawanisikii tena."

Nilikuwa nimefungua mdomo. Ukweli ungetoka. Nikasema nitakuja.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwandikia meseji mara nne. Nimefuta mara nne.

Jumamosi, 29 Machi

Kabuchai, ndani ya ghala la kikundi. Naandikia kwa goti.

Walubengo na mke wake, Nangila, walinipokea asubuhi Kimilili, niliposhuka matatu. Mtu wa miaka hamsini hivi, mfupi, koti limepigwa pasi mpaka linang'aa. Walininunulia chai na chapati, wakakataa nilipe. Halafu akatoa daftari la shule kwa mfuko. Kila neno nililorekebisha amelinakili mara kumi. Farmer, farmer, farmer. Sitini na nne. Nangila alikuwa anacheka kidogo: ati jioni anakaa jikoni anasoma kama mtoto wa darasa la nane.

Nangila akaenda kunawa mikono. Nikasema.

"Ile picha ni yangu. Mimi ndio nilipiga."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikasema kuna msichana aliyeipeleka Facebook lakini aliyeianzisha ni mimi, na nilicheka.

Akaomba aione. Nikampa simu. Aliisoma muda mrefu, midomo ikitembea.

"Lakini hapa ulikata," akasema.

"Wapi?"

"Hapa chini. Ilikuwa inaendelea. Mahindi ya maji yapimwe tena baada ya siku mbili, *ndio mkulima asiibiwe*. Sasa mtu akisoma hii anafikiri nilikuwa nimemaliza."

Nikasema pole. Neno dogo hivyo. Alinirudishia simu ikiangalia chini, akafunga daftari. Nangila akarudi, akatutazama mmoja mmoja. Hatujaongea tena mpaka sasa.

Angeweza kuniacha Kimilili. Hakuniacha. Sijui kama bado anataka niseme kitu. Wao wawili wako benchi ya mbele, mimi niko nyuma na wageni.

Wekoye anaongea. Amepitisha simu yake benchi kwa benchi. Wengine wanacheka, wengine wanaipitisha tu bila kuangalia. Mama mmoja mzee, Nakhungu, hana miwani; jirani yake anamsomea, anamtafsiria. Anasikiliza ameinama.

"Halafu?" anauliza.

"Halafu nini, mama?" Wekoye.

"Imesema mahindi ya maji yapimwe tena. Ni ukweli, yangu yalipimwa tena. Halafu inasema nini?"

Wekoye amesema imeishia hapo.

Mwenyekiti anauliza mgeni wa Kitale ako wapi, asimame. Anauliza mara ya pili. Walubengo hajageuka. Nangila amegeuka, ananitazama. Nasimama –