Raundi ya Kumi na Saba

Kansas City, Juni 1947

Mwanangu Verlene,

Ni baba yako mdogo, tarumbeta ya kwanza ya jazi mjini, wenye wivu wakatae wasikatae. Juzi nilipuliza kwenye uwanja wa besiboli, mpigaji wa timu pinzani akaduwaa akinisikiliza, mpira ukampita. Uliza yeyote.

Sasa, harusi yako. Marehemu kaka aliniachia kazi ya kukushika mkono hadi madhabahuni, sikatai. Lakini hata mchungaji aliwahisha ibada asubuhi ya siku yako ile ili watu wawahi besiboli, na harusi ilikuwa saa kumi na moja. Raundi huwa tisa; nani alijua watakwenda sare hadi ya kumi na saba? Mchezo ule hauna saa.

Nilipofika, mfagiaji alikuwa anazoa mlangoni mwa kanisa mchele mliorushiwa maharusi.

"Mzee, bwana harusi ni wewe? Umeachwa."

"Nani alimsindikiza bibi harusi?"

"Hakuna. Alisimama hapa nusu saa akisema baba mdogo yuko njiani, kisha akaingia peke yake."

Barua yako ya Chicago ina mstari mmoja tu: nisije kwako. Haya, mama. Wenzangu wa klabuni nimewaambia nilikusindikiza, na kanisa zima lililia. Ukikutana nao, usinikanushe.

Baba yako mdogo,
Roscoe